Visa ya masomo na kibali cha ukaazi Ujerumani

Dada yangu, umeuliza iwapo visa ya masomo inatosha kuishi Ujerumani hadi umalize chuo, au itakubidi uombe kibali kingine ukishafika. Visa hiyo kwa kawaida ni ya miezi michache, na kabla haijaisha ni lazima uombe kibali cha ukaazi wa muda katika ofisi ya wageni ya mji utakaoishi. Ukiwasilisha ombi mapema, ukaazi wako huendelea kuhesabiwa kuwa halali mpaka uamuzi utolewe, hata kama visa itaisha hapo katikati.

Kwanza, hata hivyo, utaandikisha makazi yako ndani ya wiki 2 tangu kuhamia, jambo lisilowezekana bila barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi kwake. Kwa hiyo usikubali chumba cha mtu asiyetaka kukuandikia, hata kodi iwe nafuu namna gani.

Fedha za kujikimu huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa: kiwango kilichopangwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, nawe huruhusiwi kutoa zaidi ya euro 992 kwa mwezi.

Kuhusu karatasi za huku kwetu, nakusihi uzitandaze zote mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi. Cheti changu cha kuzaliwa kilisema Fatuma, pasipoti Fatma. Herufi moja tu, nayo ilinipandisha basi la Nairobi mara mbili, na kiapo cha wakili juu yake.