Kilaptopu chako cha Atom kinagoma kubuti Linux? Usikimbilie kununua flashi nyingine

Vile vilaptopu vidogo vya skrini ya tachi inayochomoka, vya prosesa ya Intel Atom Z3735F, RAM 2GB na storeji ya 32GB iliyogandishwa kwenye bodi, bado vinazunguka mtaani kwa bei chee. Windows iliyomo imejaa hadi haiwezi hata kujiapdeti, basi mtu anaamua aweke Linux, anaandaa flashi vizuri kabisa, anachomeka, anafungua menyu ya kubuti, flashi haipo. Hapo ndo zinaanza stori, mara flashi mbovu mara mazabodi imekufa. Mimi nimeletewa kadhaa za hivyo na hazikuwa na ugonjwa wowote.

Iko hivi. Prosesa yenyewe ni ya biti 64, ila UEFI, yaani ile programu inayoamka kabla ya kitu chochote, iliwekwa ya biti 32 maana mashine nyingi za hivi zilitoka na Windows 8.1 ya biti 32. Sasa UEFI ya hivyo ikifungua flashi inatafuta bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT, na image nyingi za biti 64 (yaani faili la Linux unaloandikia flashi) zina bootx64.efi peke yake, kwa hiyo inapita kimya kimya bila hata kukuandikia eroa. Chomeka hiyo flashi kwenye kompyuta nyingine uangalie folda hiyo, ni kazi ya dakika moja.

Na usikubali kuambiwa lazima ushuke kwenye Linux ya biti 32. Keneli, yaani kiini cha Linux, tangu 3.15 ya mwaka 2014 inaweza kuwaka ikiwa ya biti 64 juu ya UEFI ya biti 32, na Debian, moja ya aina za Linux, tangu toleo la 8, mwaka 2015, walishatoa image ya multi-arch (ya biti 32 na 64 pamoja) yenye hilo faili la bootia32.efi. Zima Secure Boot kwanza, ule ulinzi wa UEFI unaokataa programu za kubuti zisizo na saini inayoitambua, chaji betri ijae, tafuta na habu ya OTG, ile ya kuchomeka vifaa vya USB kwenye tundu dogo, maana vingine vina tundu moja tu la micro-USB na wewe unahitaji kibodi na flashi kwa pamoja.

Wapo wanaotupia tu bootia32.efi kwenye flashi ya distro (aina ya Linux) nyingine. Inawaka kweli, unainstoo hadi mwisho, ukirestati giza, kwa sababu instola imeweka GRUB, programu inayoiwasha Linux, ya biti 64 kwenye diski. Rudi kwenye live, yaani Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, soma /sys/firmware/efi/fw_platform_size, ukikuta 32 ndo jibu lako hilo. Ingia kwenye mfumo ulioinstoo kwa chroot (amri ya kuufanyia kazi mfumo wa kwenye diski ukiwa kwenye live), weka pakeji ya grub-efi-ia32, halafu piga grub-install --target=i386-efi --removable. Hiyo removable usiiache aisee, baadhi ya UEFI hizi zinasahau orodha ya kubuti zikizimwa, ila faili likiwa kwenye EFI/BOOT, na removable ndo inayoliweka hapo, zinalikuta tu.

Kama GRUB inatokea halafu skrini inabaki nyeusi, hiyo ni kesi tofauti kabisa. Bonyeza e, futa quiet na splash kwenye mstari wa linux, bonyeza F10, uone mistari inaishia wapi, piga picha kwa simu ndo uombe msaada, maana ukisema tu "haiwaki" hakuna atakayekuelewa. Ikiwaka vizuri ila inaganda ganda ovyo, ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari huohuo, ni ugonjwa wa siku nyingi wa hizi Atom kwenye keneli za zamani, betri itaisha haraka kidogo lakini mashine inatulia.

Waifai nyingi humo ni RTL8723BS, draiva yake iko kwenye keneli tangu 4.12, kwa hiyo ikikosekana angalia femwea (faili la programu ya chipu yenyewe) kwanza kabla hujaanza kukompaili vitu vya mtandaoni.