Unga wa lishe wenye karanga za ukungu: je, "hakuna kurudisha" inamsalimisha muuzaji?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mjane, nauza unga wa lishe wa watoto. Nimenunua karanga na mahindi kwa mkopo wa kikoba, nikakuta baadhi yana ukungu. Pakiti 15 nilishauza kabla sijaona. Mwenzangu sokoni anasema nichambue, nianike, nisage, kisha nimwambie kila mteja: "Angalia mwenyewe, nauza kama ulivyo, hakuna kurudisha." Nitasalimika?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Usiuze.

Kauli ya mwenzako imevaa vazi la fiqhi, ndiyo maana inapoteza wengi. Anakusudia kuuza kwa sharti la kujivua na aibu, yaani kasoro, za bidhaa. Kwetu Mashafii, wafuasi wa Imam Shafii, sharti hilo humwokoa muuzaji mahali pamoja tu: aibu ya ndani ya mnyama (na zamani, mtumwa), ambayo yeye hakuijua. Wewe umeijua, na unga si mnyama. Sahaba Ibn Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo. Mnunuzi alipolalamikia maradhi, Khalifa Uthman akamtaka Ibn Umar aape kuwa hakujua. Hakuapa, akampokea tena mtumwa. Wewe utaapa?

Na hilo "angalia mwenyewe" ni maneno matupu. Aliyelowanisha nafaka yake aliambiwa na Mtume (s.a.w.) aweke majimaji juu, watu wayaone. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, utaiweka juu vipi? Haionekani wala hainuki, na punje nzuri kwa macho huweza kuwa nayo. Kuchambua hupunguza tu. Kuanika huzuia ukungu usiendelee, lakini sumu iliyokwishaingia inabaki, na moto wa uji hauiondoi. Mwisho unaoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo, na ya aina ya B1, iliyo kali zaidi, ni 5, kwa sababu inaharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mteja wako ni mtoto anayelishwa uji huo kila siku!

Tenga magunia yote leo na usisage. Mrudishie aliyekuuzia upesi: haki ya kurudisha kwa aibu haingoji, na ukisaga huku unajua, umeridhia. Yenye ukungu usiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Ukitaka kutumia yaliyobaki, yapimwe kwanza, waulize TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Sampuli ichotwe juu, kati na chini ya kila gunia, kisha ichanganywe, kwani sumu hukaa kwa mafungu na gao moja laweza kutoka safi. Siku nyingine nunua mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, uyaweke juu ya chaga.

Deni lako limenigusa. Waeleze wanakikoba wazi. Al-Baqara aya ya 280 inaamuru mwenye dhiki apewe muda. Wenye madeni wana fungu katika zaka, basi mwone imamu wako bila haya.

Zile pakiti 15, watafute walionunua kabla ya uji wa jioni. Waambie wasipike, na fedha zao warudishie, hata kidogo kidogo.