Kaboni ya baharini inashukaje, na inakaa chini muda gani?

SWALI: Nasoma sayansi ya bahari. Tunaambiwa viumbe hupeleka kaboni kwenye kina na kuihifadhi. Lakini planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji, huelea juu; kaboni inashukaje? Na ikishafika chini ndiyo basi?

JIBU: Siyo basi. Inakaa kwa muda, na muda huo hutegemea kina ilipoachiwa.

Tazama Bahari ya Uarabuni. Kusi inapokaza, Juni hadi Septemba, maji baridi yenye virutubisho hupanda kwenye pwani za Somalia na Oman. Maji hayo huja pia na kaboni ya zamani, na sehemu yake hutorokea hewani. Wakati huohuo fitoplanktoni, yaani planktoni wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, hushamiri kwa virutubisho hivyo na kufyonza kaboni upya.

Seli moja ya fitoplanktoni ni nyepesi mno kuzama haraka. Ila ikiliwa na kopepodi, mdudu mdogo wa majini wa jamii ya kamba, hutoka ikiwa imeshindiliwa ndani ya punje ya kinyesi, na punje hizo huweza kushuka makumi hadi mamia ya mita kwa siku. Seli zilizokufa nazo hugandamana kwa utelezi, zikazama kwa mafungu.

Njia nyingine ni ya wanaoogelea. Ghuba ya Oman imejaa samaki wadogo wenye viungo vya kutoa mwanga. Usiku hupanda kula. Kabla ya alfajiri hurudi mamia ya mita chini, na huko huendelea kupumua na kunya, wakiiacha kaboni waliyoila juu. Matabaka ya viumbe wa namna hii ni mazito kiasi kwamba, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mitambo ya sauti ya wanamaji iliyaonyesha kama sakafu ya bahari.

Njiani bakteria hula sehemu kubwa ya kinachozama na kuirudisha majini kama kaboni dioksidi. Ikiachiwa kwenye mita 100, mchanganyiko wa maji wa msimu huweza kuirudisha juu mwaka huohuo. Chini ya mita 1,000 huchukua karne. Inayozikwa kwenye tope la sakafuni haifiki asilimia 1 ya iliyofyonzwa juu.

Kwa hesabu, anza na kanuni ya mwanasayansi wa bahari John Martin na wenzake ya 1987: kati ya gramu 100 za kaboni zinazozama kupita kina cha mita 100, takriban 14 hufika mita 1,000. Ni wastani tu, na ilitokana na mitego ya kukinga chembe zinazozama, kwa hiyo mchango wa samaki na kopepodi wanaohama uuongeze kando.