Kufutiwa makala Wikipedia: jibu langu kwa ndugu wa Machame

Mkuu, pole kwanza. Umesema uliandika makala ya kijiji chenu cha Machame kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ukalala, asubuhi ukakuta imefutwa. Ukaiweka tena, ikafutwa tena. Sasa unauliza kama wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wana chuki na sisi watu wa Kilimanjaro, na kama kuna pa kuwashtaki. Waliotangulia kukujibu wamesema achana nao. Mimi nakuomba usiachane nao. Nilipita humo humo, na huu ni mwaka wa nane nahariri.

Kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani, njia ya Marangu. Siku moja tumelala kambi ya Horombo, mgeni mmoja akatusomea kwenye simu yake ukurasa aliokuwa ameupakua kuhusu watu wa kwanza kufika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria, mwaka 1889. Basi. Yohani Kinyala Lauwo, ambaye kwetu Marangu kila mtoto anamjua, hakutajwa. Wapagazi wakanigeukia mimi niseme neno, nami sikuwa nalo.

Tuliposhuka nikanunua bando, nikafungua akaunti, nikabonyeza Hariri kwenye ukurasa wa Kiswahili. Nikaandika kwamba Lauwo, shujaa wetu na fahari ya Afrika, ndiye aliyetangulia kileleni na Wazungu wakamfuata nyuma. Haikupita saa moja maneno yangu yakaondolewa. Nikayarudisha. Yakaondolewa. Nikayarudisha tena, na kwenye nafasi ya muhtasari, pale unapoeleza ulichobadilisha, nikamtolea huyo mhariri maneno ambayo sitayarudia hapa. Baada ya mara ya nne nikakuta nimezuiwa kuhariri kwa saa 24.

Wikipedia ya Kiingereza ina sheria iliyoandikwa kabisa: ukitengua kazi ya wenzako zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kuzuiwa, hata kama ulichokiandika ni sahihi. Hiyo "hata kama" iliniuma sana nilipoisoma. Leo naielewa. Watu wawili wakivutana ukurasa, anayeufungua katikati ya mvutano ni mwanafunzi anayetafuta jibu la mtihani, naye anaondoka na toleo la yeyote aliyebonyeza mwisho.

Kilichonibakiza ni ujumbe niliokuta kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Yule yule aliyenitengua alinikaribisha, kisha akaniuliza maswali matatu: nani ameandika kwamba Lauwo alifika kileleni, wapi, na lini? Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi ni mzaliwa wa Marangu na babu yangu alimfahamu mzee Lauwo uso kwa uso. Akanijibu kwa adabu kwamba hana sababu ya kumwona babu yangu mwongo, lakini msomaji aliye Bujumbura au Mombasa hawezi kubisha hodi kwa babu akamuulize.

Mkuu, hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo makala yako ilipokwama. Wikipedia haikuulizi unajua nini. Inakuuliza msomaji atathibitisha vipi bila wewe. Kamusi elezo haihifadhi yale tunayoyajua sisi wenyewe, inakusanya yaliyokwisha kuandikwa na kuchapishwa na watu wengine wanaoaminika, na kila dai zito linafungwa kwa tanbihi, yaani maelezo ya chini yanayotaja chanzo.

Masika ile, wageni walipoadimika, nilikwenda maktaba ya mkoa hapa Moshi siku kadhaa. Nilichokikuta hakikuwa kile nilichokitaka. Meyer mwenyewe aliandika kwamba waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 ni yeye na Purtscheller. Halafu mwaka 1989, katika kuadhimisha miaka 100, kamati ya maadhimisho iliamua kwamba mzee Lauwo, ambaye bado alikuwa hai, alikuwa mmoja wa watu wa msafara ule. Alifariki Mei 1996. Kuwemo katika msafara ni jambo moja, kukanyaga kilele siku ile ni jingine, na wanaolisema hili la pili hawakubaliani.

Kwa hiyo nilianza kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ile, nikapendekeza sentensi mbili: Meyer aliandika hivi, kamati ya mwaka 1989 ilimtambua Lauwo wa Marangu kuwa alikuwa katika msafara. Kila moja na chanzo chake. "Shujaa wetu" nikaliondoa kwa mkono wangu mwenyewe, na nakiri liliniuma kuliondoa. Watu wawili wakachangia, mmoja akarekebisha Kiswahili changu, sentensi zikaingia. Huo ndio msimamo wa kati wanaousema watu wa Wikipedia. Wengi wanadhani maana yake ni kutokuwa na upande moyoni. Upande ninao mpaka leo! Maana yake ni kwamba kwenye ukurasa kila dai linabaki kwa mwenyewe aliyelisema, na wewe mwandishi huamui.

Hata urefu wa mlima ni hivyo hivyo. Kibao cha kileleni Uhuru kimeandikwa mita 5,895, lakini kipimo cha GPS cha mwaka 1999 kilitoa 5,892. Nimeona watu wakibadilishana namba hizo kimya kimya bila kueleza. Andika namba, andika ni ya kipimo kipi, ugomvi umekwisha.

Sasa turudi Machame. Usiipandishe mara ya tatu. Na usifungue akaunti ya pili ili ionekane kuna mtu mwingine anayekuunga mkono, wanaligundua, na ukishagundulika hakuna atakayekuamini tena. Fungua jina la ukurasa ule uliofutwa, utaona nani amefuta na sababu aliyoandika. Kisha nenda kwenye ukurasa wake wa majadiliano, msalimie kama unavyomsalimia mtu uliyemkuta nyumbani kwake, muulize kilichokosekana, umwombe akurudishie maandishi yako kwenye ukurasa wako wa mtumiaji uyafanyie kazi huko. Mkabidhi anayaona yaliyofutwa na anaweza kuyarudisha. Malizia kwa alama nne za mawimbi (~~~~), zinageuka kuwa sahihi yako na tarehe. Bila sahihi mazungumzo yanakuwa kama kikao ambacho hujui nani kasema nini.

Kumbuka pia hawa wakabidhi hawalipwi. Ni watu wachache waliopewa dhamana na wenzao, wanafanya usiku baada ya kazi zao, na kila siku wanaondoa matusi, matangazo, na makala zilizopitishwa kwenye tafsiri ya mashine zikatoka Kiswahili kisichosomeka. Ukija na kelele unawekwa kwenye fungu hilo hilo.

Kuhusu kijiji chenyewe, ushauri wangu ni kuanzia kwenye kata. Wikipedia ya Kiswahili ina kurasa za kata nyingi sana za Tanzania, nyingi zikiwa na mistari miwili mitatu tu: jina, wilaya, na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Ukurasa wa kata yenu unaweza kubeba historia ya kijiji vizuri kabisa, na hakuna atakayeuliza kama kata inastahili makala. Ikikua sana, hapo ndipo inatolewa ikajitegemea.

Vyanzo usiseme havipo. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na palipofika misheni paliandikwa. Kuna vitabu vya historia ya Wachagga, kuna tasnifu za vyuo vikuu, kuna magazeti, kuna taarifa za sensa ya 2022. Vijitabu vya jubilei za sharika vitumie kwa kiasi, kwa tarehe na majina, si kwa sifa. Soma, funga kitabu, andika kwa maneno yako. Kunakili aya nzima ni kosa la hakimiliki na inafutwa bila mjadala, kwa sababu kila kinachowekwa pale mtu yeyote anaruhusiwa kukichukua na kukitumia, nawe huwezi kugawa cha mwenzio. Picha hivyo hivyo: piga mwenyewe, usiokote mtandaoni.

Na uangalie kama ndani ya makala hukuweka namba ya simu ya mwenyekiti au sifa za nyumba ya wageni ya ndugu yako. Nauliza bila ubaya. Binamu yangu ana kampuni ya safari Arusha, aliwahi kunipa fedha nimwandikie ukurasa. Nilimrudishia. Tangu 2014 masharti ya matumizi yanamtaka anayelipwa kuhariri aseme wazi nani anamlipa, na kampuni ambayo haijawahi kuandikwa popote ila kwenye tovuti yake haina cha kuwekewa tanbihi. Alinuna miezi miwili.

Liko jambo moja ambalo bado linanikera na sitalificha. Historia yetu nyingi iko vinywani mwa wazee, na utaratibu huu unawapa nafasi wale ambao habari zao ziliandikwa, yaani mara nyingi ni habari zetu zilizoandikwa na Meyer na wenzake. Nimelijadili humo ndani na sikupata jibu la kunitosheleza. Ninachofanya sasa nikikutana na mzee anayejua, namtafutia mtu wa kuandika: mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti, au mwandishi wa gazeti. Likishachapishwa, mimi au wewe tunaliweka. Ni njia ndefu, na wazee hawasubiri.

Kwa hiyo kama kijijini kwenu kuna bibi au babu anayejua mifereji ya asili ilichimbwa na ukoo upi, anza na hilo wiki hii, kabla hata ya kurudi Wikipedia.

Andika hapa jina la kata yenu. Kesho napanda na wageni, nashuka Jumanne. Jumatano jioni nitaufungua ukurasa wake tuangalie pamoja kuna nini na kunakosekana nini.