Maswali ya Wasomaji: Buti la Matopeni Hukaguliwa Solini

Mvua za vuli ziko karibu, na barua nyingi zinauliza habari za mabuti ya milimani. Zile ambazo kosa lake humharibia mtu safari nzima tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa ufupi.

Jipya lisilovaliwa, au lililochakaa kidogo?

*Shikamooni wahariri. Naanza kazi ya upagazi Kilimanjaro, njia ya Machame. Soko la Memorial nimekuta mabuti mawili ya ngozi ya mtumba. Moja halijawahi kukanyaga ardhi, soli inang'aa. La pili limetumika na meno ya soli yameanza kulika. Bei ni ileile. Nichukue lipi? (Kijana, Moshi)*

Marahaba. Moyo utakuvuta kwenye lile jipya, na hilo ndilo la kuogopa zaidi.

Kati ya mpira unaokanyaga chini na ngozi ya juu kuna tabaka la povu gumu, yaani soli ya kati. Mabuti mengi mazito ya ngozi hutengenezewa tabaka hilo kwa poliyurethani, kwa sababu halibonyei upesi chini ya mzigo. Udhaifu wake ni unyevu. Mvuke ulioko hewani huingia ndani ya povu na kukata minyororo ya kemikali inayolishikilia, kidogokidogo, hata kiatu kikiwa kabatini. Joto huharakisha kazi hiyo. Kwa kawaida povu hilo huanza kuoza kati ya miaka 5 na 10 tangu litoke kiwandani. Buti la mtumba lisilovaliwa mara nyingi ni buti lililosahauliwa stoo kwa miaka, kisha likasafiri ndani ya robota, kwenye kontena lenye joto na unyevu. Kwa macho ni jipya. Ukilipandisha msituni, soli inabanduka nzima, na la kushoto halichelewi kulifuata la kulia kwa kuwa yana umri mmoja.

Likague palepale mezani kwa muuzaji. Tafuta lebo ndogo nyuma ya ulimi wa kiatu. Viwanda vingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kisha bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba. Povu zima hurudi lilivyokuwa. Lililooza hubaki na shimo, hunata, au hutoa unga. Halafu likunje kwa nguvu mara 10 au 15, huku ukitazama mstari ambapo soli inakutana na ngozi. Nyufa nyembamba, au mdomo unaofunguka hata kidogo, zinatosha kukufanya ulirudishe mezani. Muuzaji asipokuruhusu kulikunja, mwachie buti lake.

Viatu vyepesi hutumia povu la EVA. Hilo haliozi kwa unyevu lakini hubonyea: utaona mikunjo ubavuni, hasa kisiginoni, na kiatu kikiwekwa juu ya meza kinaegemea upande. Kwa mtu anayebeba kilo 20, kiatu cha namna hiyo kinaumiza magoti.

Sasa lile la pili. Meno ya soli ya mlimani yakiwa mapya huwa na kina cha milimita 4 hadi 5 hivi. Yakibaki chini ya milimita 3, liache. Kuanzia lango la Machame, takriban mita 1,800, hadi karibu na kambi ya kwanza unapita msitu wa mvua, mizizi na udongo utelezi, na siku ya mwisho unashuka tena msituni kwa njia ya Mweka. Kwa hiyo tazama sana ukingo wa mbele wa kisigino, pale kinapopanda kukutana na unyayo. Ukingo huo ukiwa umesimama wima, unakuwa breki mteremkoni. Ukiwa umeviringika, utateleza hata kama meno ya mbele bado yapo.

Ingiza mkono upapase bitana ya kisiginoni, maana ikiwa imetoboka malengelenge hayakwepeki. Tazama ngozi pale vidole vinapokunjia: mikunjo ni ya kawaida, lakini ufa unaoonyesha nyuzi za ndani si wa kawaida. Hesabu vipande vya ngozi pia. Buti la vipande vichache ni bora, kwa sababu kila mshono una matundu ya sindano, na maji hupita humo. Ukikuta ukanda wa mpira umezunguka ncha ya mbele na umeshika vizuri, hiyo ni alama njema.

Likipita vipimo hivyo, lichukue hata kama rangi imefifia. Na kabla hujalipa, pita ofisi ya KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, hapo Moshi. Huwaazimisha wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo, na huenda fedha yako ikafaa kwa soksi za sufu.

Buti lisilopitisha maji limepitisha maji

*Nilinunua buti lililoandikwa kwamba halipitishi maji. Njia ya Naro Moru, Mlima Kenya, soksi zililowa kabla ya saa sita mchana. Je, niliuziwa bandia? (Msomaji, Nairobi)*

Inawezekana, lakini zipo sababu nyingine za kuchunguza kwanza. Buti la aina hiyo lina utando mwembamba kati ya ngozi na bitana. Matundu yake ni madogo mno kwa tone la maji, lakini mvuke wa jasho unapita. Kwenye kinamasi cha mteremko kiitwacho Vertical Bog, maji huingia kwa shingo ya kiatu, na utando hauna la kufanya hapo. Baya zaidi, yakishaingia hayatoki. Buti linakuwa ndoo, na kulikausha kwa baridi ya mlimani kunaweza kuchukua siku mbili au zaidi.

Sababu ya pili ni jasho. Ngozi ya nje ikishalowa chapachapa, mvuke wa ndani hauna pa kutokea, unageuka maji kwenye soksi. Mtu huapa kwamba buti limevuja, kumbe ni mguu wake mwenyewe. Dalili yake ni soksi kulowa sawasawa kote. Maji ya kuvuja huanzia mahali pamoja, mara nyingi kwenye mkunjo wa vidole.

Ili ujue hakika, kausha buti kabisa, jaza karatasi nyepesi za chooni hadi kwenye vidole, kisha lisimamishe kwenye beseni la maji yanayofika chini kidogo ya pale ulimi unapoanza kushonwa pembeni. Acha dakika 20, huku ukilikunja mbele mara kwa mara kama linavyokunjwa na mguu, kwa sababu tundu la mkunjoni halionekani kiatu kikiwa kimetulia. Toa karatasi mojamoja. Zikiwa kavu, utando ni mzima na tatizo ni shingo au jasho. Ikilowa sehemu moja, utando umechanika, na hakuna fundi anayeweza kuushona. Nta itapunguza tu.

Utando huchanwa sana na mchanga ulioingia ndani na kusaga kwa kila hatua, pamoja na kucha ndefu za miguu. Kila jioni toa kitandiko cha ndani, kung'uta, pangusa kwa kitambaa kibichi.

Kuzuia maji ya shingoni, vaa geita, zile soksi za turubai zinazofungwa juu ya buti hadi chini ya goti, zenye mkanda unaopita chini ya unyayo. Wakati wa mvua, suruali ya mvua ivaliwe juu ya geita. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mapajani yataishia kwenye soksi.

Maoni yetu ni haya: kwa safari ya siku moja au mbili, utando ni kitu kizuri. Kwa siku sita mfululizo za tope, buti la ngozi nene lisilo na utando, lililopakwa nta vizuri, linafaa zaidi kwa sababu hukauka upesi na hudumu muda mrefu.

Ruwenzori: buti au gambuti?

*Tunakwenda Ruwenzori kupitia upande wa Uganda. Wenyeji wanasema tuvae gambuti. Kweli mtu apande mlima wenye barafu kwa gambuti? (Vijana watatu, Kampala)*

Wasikilizeni wenyeji. Mabonde ya Ruwenzori yana vinamasi ambavyo mguu huzama hadi chini ya goti, Bigo kikiwa ndicho kinachojulikana zaidi, na hakuna buti la kufunga kamba litakalobaki kavu humo. Gambuti huvaliwa bondeni na kwenye miteremko ya kati. Buti gumu la mlimani hubebwa mkobani, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na huvaliwa kwenye miamba ya juu na barafu kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109. Vyuma vya kukanyagia barafu havishiki kwenye gambuti, wala msijaribu.

Lakini si kila gambuti linafaa. La plastiki ya PVC ni rahisi kupatikana, ila hukakamaa kwenye baridi na hupasuka pale linapokunjika juu ya vidole. La mpira wa asili hubaki laini. Kunja gambuti dukani: la mpira hukunjika bila kishindo na hurudi lenyewe, la PVC hukataa, na mara nyingine huacha mstari mweupe kwenye mkunjo. Shingo iishie vidole vitatu au vinne chini ya goti ili isikwaruze mnapopanda magogo. Mchukue saizi moja juu ya ile mnayovaa mjini, kisha mweke kitandiko kinene na soksi mbili, nyembamba ndani na ya sufu nje. Gambuti linalopwaya kisiginoni huvuliwa na tope, na mtu hujikuta amesimama na soksi tupu.

Kabla ya kuondoka, lijazeni maji lining'inie usiku kucha juu ya gazeti kavu. Tundu la gambuti la mpira huzibwa kwa kiraka cha baiskeli: sugua kwa msasa, paka gundi, subiri ikauke hadi inate kidogo tu, kandamiza. Kwa PVC kiraka hicho hubanduka. Inatakiwa gundi yake maalumu.

Mkifika kwenye njia za mbao zilizotandikwa juu ya kinamasi, punguzeni mwendo. Ubao uliolowa na kuota ukungu huteleza kuliko tope lenyewe, na hakuna soli inayoumudu.

Wanafunzi walianika viatu motoni

*Skauti wetu hapa Lushoto walikausha mabuti kando ya moto, asubuhi soli nne zikawa zimefunguka. Yatengenezeke? (Mwalimu, Lushoto)*

Yatengenezeke, Mwalimu, kama soli ya kati haijaoza. Gundi nyingi za viatu hulainika kwa joto, na ngozi iliyolowa hujikunyata ikikauka kwa haraka. Gundi imelegea huku ngozi inavuta, basi soli inaachia.

Fundi viatu afungue soli yote iliyolegea, asizibe ncha pekee. Gundi ya zamani ikwanguliwe hadi iishe, kwa sababu gundi mpya juu ya gundi kuukuu haishiki. Pande zote mbili zisuguliwe kwa msasa, zifutwe vumbi na mafuta, zikauke. Gundi ya viatu ipakwe nyembamba pande zote mbili, isubiriwe dakika 10 hadi 20 mpaka isiloweshe kidole, ipakwe mara ya pili na kusubiriwa tena. Hapo ndipo soli ibandikwe kwa uangalifu, maana ikishagusa haisogezwi. Igongwe kwa nyundo kuanzia katikati kwenda kingoni, ifungwe kwa mpira wa tairi la baiskeli, iachwe saa 24. Msikubali supa gluu. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na soli inapokunjika inapasuka.

Akipendekeza kushona pembeni, uzi uwe wa nailoni, kwani wa pamba huoza kwa maji, na matundu yapakwe nta mara moja. Buti lenye utando lisishonwe kupita bitana.

Siku nyingine: toa vitandiko na kamba, osha tope kwa maji ya kawaida, jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo, ulimi ukiwa wazi. Badilisha magazeti baada ya saa mbili za mwanzo, kisha asubuhi na jioni.

Kwa ufupi

*Mafuta ya nazi yanafaa kupaka buti la ngozi? (Pangani)*

Hapana. Hulainisha ngozi kupita kiasi, nayo joto likipanda huwa maji na kutoka. Tumia nta ya nyuki au nta ya viatu, upake nyembamba kwa kitambaa juu ya ngozi safi yenye unyevunyevu kidogo, ukirudia kwenye mishono. Lakini nta hutia giza rangi ya ngozi yenye manyoya mafupi. Kwa ngozi ya namna hiyo na kwa buti la kitambaa, dawa ya kupuliza ya kuzuia maji ndiyo sahihi.

*Binti yangu anakwenda Udzungwa na shule. Saizi nitaijuaje? (Mama, Morogoro)*

Mama, mpeleke dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi atakazovaa safarini. Kamba zikiwa hazijafungwa, asukume mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja cha shahada. Kisha afunge kamba, ashuke ngazi au ubao ulioinamishwa. Vidole vikigonga mbele, ongeza nusu saizi. Kisigino kikipanda na kushuka, jaribu kiatu cha aina nyingine, kwa sababu kukaza kamba hakutatibu. Avivae nyumbani na shuleni wiki mbili kabla ya safari.