Mbaazi zangu na neno "mavuno"

Mwaka ule nilichanganya mahindi na mbaazi kwenye ekari mbili. Mahindi nikavuna Julai, mbaazi nikaziacha zikomae. Asubuhi moja nikakuta zimebaki fito tupu, maganda yote yamenyofolewa, kwato zimejaa kila tuta.

Nikaenda ofisi ya kijiji na hasira zangu. Mtendaji akafungua faili, akanisomea sheria ndogo: ni marufuku kuingiza mifugo shambani "hadi baada ya mavuno". Mwenye ng'ombe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akauliza kwa upole, "Mzee, si ulishavuna?"

Kwa maandishi yale, alikuwa na hoja. Hakuna aliyeandika mavuno ya zao lipi.

Tangu hapo nikipewa sheria ndogo ya kijiji chochote naanzia kwenye kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno. Wengi tunakimbilia faini, lakini shamba lako linalindwa au linaachwa wazi kwenye zile fasili. Je, "shamba" ni lililolimwa tu, au hata lililopumzishwa? "Mazao" ni pamoja na miembe na majani ya malisho uliyoyapanda? Kuhusu kupumzisha shamba, usitishwe na anayekuambia hilo sasa ni pori la wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, inahesabu kupumzisha ardhi kuwa ni kuitumia, na inapozungumzia ardhi iliyotelekezwa kwa kutotumika, inataja muda usiopungua miaka 5. Misimu miwili haitoshi.

Kosa langu lingine lilikuwa usafi. Nilipokuwa namsubiri afisa ugani, niling'oa miti yote iliyovunjika nikaifanya kuni. Alipofika siku ya tatu, akasimama katikati ya shamba safi na daftari lake. "Sasa mzee, nitathmini nini?" Nikaambulia mbuzi mmoja, na huyo ni kwa hisani ya mwenye ng'ombe. Kwa hiyo usiguse kitu. Piga picha, mwite jirani ashuhudie, mtaarifu mtendaji siku hiyohiyo.

Ukiona maneno ya sheria yana tundu, yanarekebishika. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, huitisha mkutano wa kijiji watu watoe maoni, kisha rasimu hupelekwa halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Bila idhini hiyo mna karatasi tu, hata mkiipigia makofi, kwa hiyo ulizia kama ilipitishwa kabla hujaitegemea.

Na uende mkutanoni ukijua utaguswa. Sisi tulipodai mashamba yalindwe, wafugaji wakasimama wakasema njia ya mifugo tumeilima. Kweli tumeilima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeongeza matuta mawili upande ule, nikatazama chini. Njia ikarudishwa, nasi tukapata fasili: mavuno ni pale zao la mwisho linapotolewa shambani.

Tulikuwa tunataka kufunga daftari, bibi mmoja akanyoosha mkono. "Na muhogo wangu unaokaa miaka miwili, wenzetu watachungia wapi?"

Tukabishana hadi jua likazama. Rasimu iliporudi kutoka wilayani, muhogo ulikuwa na kifungu chake peke yake.