Agizo Limefungwa, Tenki Bado Lina Maji

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyetoka chuoni na kuanza kazi kwenye karakana ya ndege ndogo aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Naomba ushauri. Hapa kuna Cessna 206 ya zamani, kila masika inatoa maji kwenye mafuta. Mkuu wa karakana anasema agizo la mamlaka ya anga juu ya matenki lilishatekelezwa na kufungwa miaka mingi, tumalizie ukaguzi iondoke. Fundi ninayemsaidia anataka niandike kwamba nimeangalia tenki na liko sawa. Sijaliangalia. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiandike. Hilo ndilo jibu, na ungeweza kuishia hapo. Lakini najua mko wengi kwenye hali hiyo, na habari ya 206 yenye maji naijua kuliko ninavyopenda kuijua.

Ninyi mnaonisoma hapa mnataka kile nilichokitaka mimi: leseni, muhuri wenye jina lako, na siku moja uingie hanga watu wakusubiri useme neno ndipo ndege iruke. Mimi nimefika huko. Miaka ya kufagia sakafu na kubeba boksi la spana naiacha, kila mtu ameipitia.

Nilikuwa Arusha, kwenye kampuni moja ya kubeba watalii ambayo sitaitaja. Ilikuwa masika. Ndege ililala nje, asubuhi nikaenda kuchota sampuli. Kwa wasiojua: chini ya kila bawa kuna vali ndogo, unaisukuma kwa kikombe cha plastiki angavu chenye kijiti katikati, mafuta yanashuka. Avgas, yaani petroli ya ndege, ya aina ya 100LL ina rangi ya buluu hafifu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini ya kikombe na mstari unaonekana. Kikombe cha kwanza kilikuwa na maji ya upana wa kidole. Cha pili matone. Cha tatu safi kabisa, buluu tupu.

Rubani akasema, "Safi, dada, tupakie."

Nikamwambia asubiri. Nikashika ncha ya bawa nikaitikisa ndege juu na chini, kisha tukakandamiza mkia mpaka pua ikainuka, tukaiacha itulie. Nikachota tena. Maji, tena mengi kuliko ya mwanzo.

Kwenye hizo 206 za zamani tenki ni mfuko wa mpira uliolazwa ndani ya bawa na kushikiliwa na vifungo. Vifungo vikiachia, au mfuko ukiwekwa vibaya, sakafu yake inakunjika. Mkunjo ule ni kama tuta shambani: maji yanakwama nyuma yake na hayafiki kwenye vali. Unachota sampuli, unaona buluu, unaridhika. Kisha ndege inaanza kupaa, pua inainuka, maji yanavuka tuta yote kwa mkupuo na kuteremka kwenye injini. Wakati huo rubani yuko juu ya miti, hana kimo cha kugeuka wala uwanja wa kutua mbele.

Hili halikuwa fumbo nililoligundua mimi. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo mwaka 1984, namba 84-10-01, kwa Cessna zenye matenki ya mpira. Lilitaka mikunjo ikaguliwe, vifuniko vya tenki viangaliwe kama vinapitisha mvua, na lilizungumzia hata kule kutikisa mabawa na kushusha mkia kabla ya kuchota. Vifuniko vya asili vilikaa ndani ya kishimo juu ya bawa, maji ya mvua yanatuama pale pale juu ya ringi ya mpira. Ringi ikikauka kwa jua letu, kila mvua inaingia tenkini. Watu wengi waliweka vifuniko vilivyoinuka juu ya bawa ili maji yatiririke. Ya kwetu ilikuwa na vile vya kishimo.

Nikaomba vitabu vya kumbukumbu vya ndege. Nikakuta ukurasa wa miaka ya 80, mwandiko wa fundi wa Marekani, wino umefifia: agizo limetekelezwa, saini, namba ya leseni. Nikafungua mbele. Miaka mingi baadaye, ndege ikiwa nchi nyingine, mfuko wa kushoto ulibadilishwa. Mstari mmoja tu. Hakuna neno juu ya mikunjo, hakuna neno juu ya vifungo. Yaani tenki lililokaguliwa mwaka ule wa agizo halikuwemo tena ndani ya bawa, lakini karatasi yake ndiyo iliyokuwa inaturuhusu kuruka.

Nikaupeleka ukurasa ule kwa bosi. Akaniambia, "Agizo limefungwa. Wewe unatafuta nini humo?" Nikamwambia natafuta vifungo. Akaniuliza nani atalipa siku ambazo ndege itakaa chini katika msimu wa wageni. Nikamwambia hilo si swali la fundi. Akamwita mwenzangu, akasaini, ndege ikaruka.

Mimi nikahamishiwa stoo kuhesabu boliti. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Mwenzangu yule tuliyekula naye mezani alikuwa ananiona sokoni anageuza uso. Baadaye ndege ilipelekwa karakana nyingine kwa ukaguzi mkubwa, na fundi wa kule, ambaye alisikia habari yangu, akanipigia simu yeye mwenyewe: mfuko wa kushoto umeachia vifungo, mkunjo umekingama sakafuni, ringi ya kifuniko imepasuka. Nilimshukuru. Kutoka kampuni ile sijapokea hata salamu mpaka leo, na sitadanganya kwamba imeacha kuniuma.

Sasa elewa jinsi mambo haya yanavyotawaliwa, maana shuleni wanakupa kifupi cha herufi mbili na kusonga mbele. Ndege ndogo nyingi tunazoshika zimebuniwa Marekani. Mtengenezaji akigundua kasoro hutoa waraka wa kiufundi, tunauita SB. Kwa mwenye ndege binafsi kule Marekani, waraka huo ni ushauri. Anaweza kuusoma na kuufungia kabatini. Unakuwa lazima pale FAA inapotoa agizo, AD. Na FAA haitoi agizo kwa sababu ndege moja imeharibika. Inapaswa kuona kwamba hali si salama na kwamba kuna uwezekano wa kutokea kwenye ndege nyingine za muundo uleule. Kwa kawaida hutangaza pendekezo kwanza, inaandika gharama kwa kila ndege, wenye ndege na vyama vyao wanatoa maoni, halafu ndipo agizo linatoka. Pale hatari inapokuwa kubwa sana hukata njia na kuagiza mara moja. Kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la anga, nchi iliyobuni ndege inazipelekea taarifa hizo nchi ambako ndege zimesajiliwa, na ndivyo agizo lililoandikwa Marekani linavyoibana ndege yenye namba ya usajili ya 5H hapa Tanzania chini ya TCAA, mamlaka yetu ya anga.

Utaratibu huo ni mzuri, nauheshimu. Lakini una pengo. Kati ya siku kasoro inapojulikana na siku inapogeuzwa kuwa lazima, ndege zinaruka. Na baada ya agizo kufungwa, kasoro inaweza kurudi kimyakimya, kama ilivyorudi kwenye lile bawa la kushoto.

FAA yenyewe imelijua hilo kwa baadhi ya vitu. Chukua injini za Lycoming zinazotumia injekta badala ya kabureta. Vibomba vyembamba vya chuma vinapeleka mafuta kwenye kila silinda, vimeshikwa kwa klampu. Klampu ikilegea au ikikosekana, mtetemo unakipasua kibomba, petroli inarushwa juu ya injini ya moto. Agizo la kwanza lilitoka 1993. Likaandikwa upya tena na tena, injini nyingine zikiongezwa, mpaka lile la 2015, namba 2015-19-07. Hilo halifungwi. Kila baada ya saa 100 hivi za kuruka unaangalia upya, na kila mara mtu akikilegeza kibomba unaangalia upya. Kwa maoni yangu agizo la matenki ya mpira lilistahili kusomwa kwa roho hiyohiyo: ukibadilisha mfuko, umeanza mwanzo.

Kuna watu watakuambia mtengenezaji ndiye alaumiwe, asitusumbue sisi mafundi. Sikiliza. Cessna iliacha kutengeneza ndege ndogo za injini za pistoni mwaka 1986, kesi za madai zikiwa zimeilemea. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iitwayo GARA: ndege ndogo ikishapita miaka 18, mtengenezaji kwa kawaida hashitakiwi tena kwa ajali yake, isipokuwa mambo machache kama kuificha FAA ukweli kwa makusudi. Sheria ile ilirudisha kazi, Cessna ikafungua kiwanda kipya Independence, Kansas, na ndege zake za Cessna 172 zikaanza kutoka tena. Na tazama zilivyotoka: 172S ina sehemu 13 za kuchota sampuli, tano kila bawa na tatu chini ya pua. Za zamani zina mbili za mabawa na moja ya chujio, basi. Waliojenga ile mpya walijua maji yanajificha wapi. Lakini hiyo 206 yako ya miaka ya 70 haikupata vali hizo, na aliyeijenga alishatoka kwenye miaka 18 kabla hujazaliwa. Aliyebaki kati ya abiria na mkunjo ni wewe.

Utaambiwa pia ajali za mafuta ni makosa ya marubani. Takwimu ipo, na watu wanapenda kuitaja: NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, mwaka 2017 ilionya kwamba kati ya 2011 na 2015 ajali zilizotokana na usimamizi wa mafuta zilizidi 50 kwa mwaka kwa wastani, na katika asilimia 95 binadamu alichangia. Sibishi. Marubani wanaishiwa mafuta angani kwa uzembe, nimewaona wakikadiria kwa jicho. Lakini soma ripoti nzima, usisome asilimia. Mwimbaji John Denver alipofariki Oktoba 1997 California kwenye ndege ndogo aliyokuwa anairusha mwenyewe, bodi ilisema alivurugika akihangaika na swichi ya kubadilisha tenki. Ilisema pia aliyeijenga ndege ile aliiweka swichi mahali pagumu kufikika, nyuma ya bega la kushoto, bila alama, na vipimo vya mafuta navyo havikuwa na alama. Hakujaza mafuta kabla ya kuondoka, hilo ni lake. Swichi ilikuwa ya mtu mwingine.

Na mamlaka zikiamua, zinaweza. Mwishoni mwa 1999 avgas iliyotoka kiwanda cha Mobil cha Altona, Australia, ilikutwa na kemikali ya ethilini diamini iliyokuwa inatengeneza uchafu mzito kwenye mifumo ya mafuta. Januari 2000 mamlaka ya kule ikazuia maelfu ya ndege ndogo kuruka mpaka zikaguliwe. Biashara zikalia. Ndege zikakaa chini.

Basi kazi yako ni ipi? Chota. Chota kabla ya safari ya kwanza na kila baada ya kujaza. Kikombe kikitoka bila mstari usikimbilie kufurahi, kinaweza kuwa maji matupu. Angalia buluu, nusa, mwaga kidogo mkononi, avgas inapoa na kukauka haraka. Ukikuta maji, tikisa mabawa, shusha mkia, subiri, chota tena. Kwenye viwanja vya porini ambako mafuta yanatoka kwenye pipa, usikubali pipa lililosimama wima mvuani: maji yanatuama juu, na usiku likipoa linayavuta ndani kupitia kizibo. Liwe limelazwa, vizibo viwe usawa wa katikati, na mafuta yapite kwenye chujio. Kisha chota.

Na soma vitabu. Ukiona agizo limefungwa, tafuta sehemu iliyokaguliwa kama bado ndiyo iliyopo. Namba ya kipuri ya leo ilingane na ya siku ya saini. Watu hawasomi vitabu, vijana, na nawaambia bila kuficha: fundi asiyesoma vitabu ni mfagiaji mwenye leseni. Wengine mtanuna. Nuneni, halafu someni.

Muhuri wako utauzwa siku moja tu. Baada ya hapo hauna bei. Nimeona mafundi wazuri, mikono ya dhahabu, wakiombwa kusaini kwa sababu tu wanajulikana hawakatai. Mungu amekupa macho, ukiandika umeona kitu ambacho hukukiona umemdanganya mama aliyekaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani, na yeye hana namna ya kufungua tenki akaangalie.

Kwako wewe uliyeniandikia: kesho ongea kwanza na fundi wako, kwa adabu, faragha, usimwaibishe mbele ya wenzake. Mwombe mfungue kifuniko cha ukaguzi, muingize taa na kioo, mpapase sakafu ya mfuko na mhesabu vifungo. Pengine naye anaogopa na anangoja mtu aseme. Akikataa, mwandikie mkuu wa karakana. Naye akikataa, pelekeni taarifa TCAA. Kutoa taarifa ya kasoro ni sehemu ya kazi yetu. Barua iwe fupi: namba ya usajili, tarehe, mvua ilinyesha lini, kikombe kilionyesha nini kabla na baada ya kutikisa mabawa, na ukurasa wa kitabu unaoonyesha mfuko ulibadilishwa. Usiweke hasira wala majina ya watu. Piga picha kikombe kikiwa mbele ya karatasi nyeupe, na nakala ya barua kaa nayo nyumbani, isiwe kwenye kabati la kazini.